Nani Hula Nani Ardhini: Maisha ya Udongo na Mavuno ya Nyanya Dumila

Mji mdogo wa Dumila, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, upo pale barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma inapokutana na barabara iendayo Kilosa kupitia Rudewa. Abiria wengi huufahamu kwa nyanya na mbogamboga zinazouzwa kando ya barabara. Nyuma ya meza hizo kuna mashamba ya mpunga na mahindi pamoja na bustani za nyanya, katika udongo ulioletwa na mito ya bonde la Wami. Mavuno ya bustani hizo hutegemea maji, mbegu na mbolea, lakini hutegemea pia jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni uhusiano wa ulaji baina ya viumbe waishio chini ya ardhi.

Gramu moja ya udongo wenye rutuba inaweza kuwa na bakteria wafikao bilioni moja, pamoja na nyuzi za kuvu, protozoa, utitiri na nematodi. Nematodi ni minyoo myembamba ambayo mingi haifiki urefu wa milimita moja. Inakadiriwa kuwa wanyama wanne kati ya kila watano waishio nchi kavu ni nematodi. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature ulikadiria kuwa uzito wa nematodi wote wa tabaka la juu la udongo duniani ni takriban tani milioni 300, sawa na karibu asilimia 80 ya uzito wa binadamu wote.

Mlolongo wa ulaji huanzia kwenye mimea. Majani makavu, mabua, samadi na majimaji yenye sukari yatokayo kwenye mizizi huliwa na bakteria na kuvu. Hao nao huliwa na protozoa na nematodi, ambao huwindwa na nematodi wakubwa zaidi, utitiri na wadudu wadogo. Nyungunyungu, jongoo na mchwa husagasaga mabaki na kuyachanganya na udongo, hivyo kuwarahisishia kazi viumbe wadogo.

Ulaji huo ndio unaoilisha mimea. Mwili wa bakteria una nitrojeni nyingi kuliko ile anayoihitaji nematodi anayemla, na ziada hutolewa udongoni ikiwa katika umbo ambalo mizizi inaweza kulifyonza. Bila walaji hao, sehemu kubwa ya nitrojeni ingebaki imefungwa ndani ya miili ya bakteria. Kuvu waishio kwa ushirika na mizizi huiletea mimea fosforasi kutoka mahali ambapo mizizi yenyewe haifiki, na kwa malipo hupewa sukari. Kwa hiyo, nematodi wengi waliomo shambani ni wasaidizi wa mkulima.

Wachache ndio adui, na kwa nyanya adui mkuu ni minyoo fundo, ambao wataalamu huwaita Meloidogyne. Mtoto wa mnyoo huyo, mwenye urefu wa takriban nusu milimita, huingia kwenye ncha ya mzizi akitumia sindano ndogo iliyo mdomoni mwake. Akishatulia, huzifanya seli za mzizi zivimbe na kuwa ghala lake la chakula. Jike hukua bila kuhama, kisha hutaga mamia ya mayai ndani ya utelezi ulio juu ya mzizi. Katika udongo wenye joto mzunguko huo huweza kukamilika kwa muda wa wiki tatu hadi nne, hivyo msimu mmoja wa nyanya hutosha kwa vizazi kadhaa.

Mche ulioshambuliwa hudumaa, majani yake hugeuka manjano, na hunyauka mchana wakati udongo ungali na unyevu. Dalili hizo hufanana na za upungufu wa mbolea, na mkulima huweza kuongeza mbolea ambayo mizizi iliyoharibika haina uwezo wa kuitumia. Njia ya uhakika ni kung'oa mche kwa uangalifu na kutazama mizizi. Vifundo vya minyoo ni uvimbe wa mzizi wenyewe na havibanduki. Havifanani na vinundu vya bakteria rafiki kwenye maharage na kunde, ambavyo hubanduka kwa urahisi, na vinapofanya kazi huwa na rangi ya waridi au nyekundu kwa ndani.

Minyoo fundo nao wana maadui. Kuvu aina ya Arthrobotrys hutega nyavu zenye kunata na kuwala minyoo wanaonaswa. Kuvu aina ya Purpureocillium huyala mayai. Bakteria aitwaye Pasteuria penetrans hujibandika kwenye ngozi ya mtoto wa mnyoo, huingia mwilini mwake na kumzuia jike kuzaa. Nematodi wawindaji, kama wale wa jamii ya Mononchus, humkamata mnyoo mwenzao kwa jino na kumla. Walinzi hao huimarika pale udongo unapokuwa na chakula cha kutosha, yaani mboji, samadi iliyooza na mabaki ya mazao.

Hapo ndipo lilipo tatizo la sumu zinazoua kila kiumbe udongoni. Gesi ya methili bromidi, iliyotumika kwa miaka mingi duniani kusafisha udongo, iliwekewa ukomo chini ya Mkataba wa Montreal kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni, na kwa nchi zinazoendelea ukomo huo ulikuwa mwaka 2015. Sumu za namna hiyo huua minyoo fundo, lakini huwaua pia wawindaji wake. Mayai yaliyosalimika yakianguliwa, minyoo hukuta mizizi tele na walinzi wachache.

Mbegu zenye kinga ni msaada, ila zina mipaka. Baadhi ya nyanya za kisasa zina jeni iitwayo Mi, iliyotokana na nyanya pori za Amerika Kusini. Kinga hiyo hudhoofika joto la udongo linapozidi takriban nyuzi 28 za Selsiasi, kiwango ambacho udongo ulioachwa wazi katika tambarare zenye jua kali kama za Kilosa hukifikia kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, matandazo ya nyasi au mabua yanailinda pia kinga ya mbegu, mbali na kutunza unyevu.

Maji nayo yana pande mbili. Mafuriko ya Januari 2014, yaliyoyakumba maeneo ya Dumila na Magole na kuvunja daraja la Magole, ni mfano wa nguvu za maji kuhamisha udongo. Na udongo unapohama, mayai ya minyoo huhama nao. Kwa upande mwingine, shamba la mpunga likikaa na maji kwa wiki nyingi, hewa hupungua ardhini na minyoo fundo wa nyanya hupungua pia. Mkulima anayepanda nyanya baada ya mpunga hunufaika na hali hiyo.

Kubadilisha mazao kunahitaji uchaguzi makini. Bamia, bilinganya, matango na tikiti hushambuliwa na minyoo haohao, na hata mahindi yanaweza kuwahifadhi baadhi yao bila dalili za wazi. Marejea, mmea wa jamii ya mikunde ulioenezwa kwa wakulima kutoka Peramiho mkoani Ruvuma katika miaka ya 1980, ni chaguo bora. Watoto wa minyoo fundo huingia kwenye mizizi yake lakini wengi hushindwa kukua, na majani yake yakifukiwa hurutubisha udongo.

Wakulima wanashauriwa kuandaa kitalu mahali pasipo na historia ya vifundo, kusafisha majembe kabla ya kuhamia shamba jingine, na kung'oa mizizi yenye vifundo mara baada ya mavuno, kuianika na kuichoma. Mabaki mengine yasiyo na ugonjwa yaachwe yaoze shambani. Anayehitaji uchunguzi awasiliane na afisa ugani ili sampuli ya udongo pamoja na mizizi ipelekwe maabara ikiwa kwenye mfuko uliofungwa, mbali na jua, kwa kuwa minyoo hutambuliwa vizuri zaidi wakiwa hai. Mkoa wa Morogoro una Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Ilonga, kilichopo Kilosa, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Masuala ya afya ya mimea na viuatilifu kitaifa husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Tangu msimu wa 2022/2023 Serikali imekuwa ikitoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima. Mbolea hiyo huleta tija pale inapokuta mizizi mizima na udongo wenye uhai wa kuipokea.