Foleni ya chakula ndani ya miwani

Ukitaja uhalisia pepe, wengi wetu tunafikiria michezo ya kompyuta tu. Kumbe historia yake ni ndefu, na waliotangulia walitaka kusimulia hadithi.

Mwaka 1962 Mmarekani Morton Heilig alipata hataza ya mashine aliyoiita Sensorama. Unakaa kitini, unaingiza kichwa, na mara uko juu ya pikipiki katika mitaa ya New York: upepo unakupiga, kiti kinatetemeka, harufu unazisikia. Wenye fedha hawakuvutiwa. Mwaka 1968 Ivan Sutherland akaja na kifaa cha kuvaa kichwani, kizito hadi kikabidi kining'inizwe darini.

Ila kwetu sisi wa magazetini, mwaka wa kukumbuka ni 2012. Nonny de la Peña, aliyewahi kuandikia jarida la Newsweek, alipeleka Hunger in Los Angeles kwenye tamasha la filamu la Sundance. Unavaa miwani, unajikuta kwenye foleni ya chakula cha msaada. Mwanamume mwenye kisukari anaanguka. Baadhi ya watazamaji walipiga magoti wamsaidie mtu ambaye hayupo, wengine walilia.

Sasa angalia jambo moja. Watu wale walikuwa vikaragosi vya kompyuta. Kilichokuwa cha kweli ni sauti, iliyorekodiwa kwenye foleni yenyewe siku ya tukio. Kwa maneno mengine, kabla ya mitambo kulikuwa na mtu aliyekwenda pale na kinasa sauti.

Baadaye pesa zikaingia. Mwaka 2014 Facebook iliinunua Oculus, kampuni ya Palmer Luckey, kijana aliyesaidia kuunda miwani ya kazi ile, kwa takriban dola bilioni 2. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liligawa miwani ya kadibodi zaidi ya milioni 1, wasomaji wakawaona watoto wakimbizi, mmoja wao wa Sudan Kusini.

Halafu Oktoba 2017 Mark Zuckerberg, katika umbo la katuni, "akatembelea" Puerto Rico iliyofurika baada ya kimbunga Maria, huku akiisifia teknolojia yake. Watu walikasirika, akaomba radhi.

De la Peña alianza na foleni, ndipo akatafuta miwani. Zuckerberg alikuwa na miwani tayari, akatafuta maafa ya kuionyeshea. Vyumba vya habari vya kwetu navyo vitapata vifaa hivi. Swali langu kwenu, wadau: nani atatumwa kwenye foleni?