Kupima Kazi ya Urubani Wakati wa Neema: Hoja kutoka Isiolo

Rais Uhuru Kenyatta alipofungua uwanja wa ndege wa Isiolo Julai 2017, takriban shilingi bilioni 2.7 zilikuwa zimetumika na ahadi zilikuwa nyingi. Miraa na nyama zingepakiwa hapo hapo kwenda ng'ambo, watalii wa hifadhi za Samburu na Buffalo Springs wangeshukia mjini, na Isiolo ingekuwa kitovu cha ukanda wa uchukuzi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwaka 2012. Lakini njia ya kurukia, ambayo sehemu yake kubwa imeangukia upande wa Meru, ina urefu wa kilomita 1.4 tu, tena kwenye mwinuko unaozidi mita 1,000. Jua la saa nane mchana huifanya hewa kuwa nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu, bawa hupungukiwa uwezo wa kunyanyua, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuacha ardhi. Ndege kubwa ya mizigo iliyojaa haina nafasi hapo. Safari za abiria zenye ratiba nazo zilianza, zikakatika, na hazijawahi kushika mizizi.

Kijana wa Isiolo aliyemaliza chuo cha urubani pale uwanja wa Wilson, Nairobi, anatafuta kazi katika sekta yenye tabia hiyo hiyo ya ahadi kupanda na kushuka. Hoja yangu ni kwamba mshahara ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote cha kazi atakayopewa. Apime kwanza kampuni iko wapi katika mzunguko wa neema na dhiki, kisha apime atatoka na nini mambo yakiharibika.

Kaskazini mwa Kenya kuna ushahidi wa kutosha. Lokichoggio, mji mdogo wa Turkana, uligeuka kituo kikubwa cha ndege za misaada baada ya Umoja wa Mataifa kuanzisha operesheni ya kuokoa maisha Sudan mwaka 1989. Marubani walipata saa nyingi za kuruka na malipo mazuri. Amani iliposainiwa Januari 2005, shughuli zilianza kuhamia Juba na Loki ikapoa. Hakuna rubani aliyekosea lolote. Kilichokuwa kikiwalisha kilikuwa vita, na vita viliisha. Mwaka 2012 shirika la Jetlink lilisimamisha safari zake kwa sababu fedha za mauzo yake zilikwama Sudan Kusini. Machi 2020 Somalia ilifunga mlango kwa miraa ya Kenya na haikuufungua hadi Julai 2022, na ndege zilizoishi kwa mzigo huo zikakosa kazi kwa miaka miwili na zaidi.

Mashirika makubwa hayana kinga. Kenya Airways ilijipanga kupanuka kupitia mradi wa Mawingu na kupokea Dreamliner zake za kwanza mwaka 2014. Lakini tayari moto ulikuwa umeteketeza jengo la abiria wa kimataifa pale uwanja wa JKIA, Nairobi, jengo la maduka la Westgate lilikuwa limeshambuliwa, na Ebola ikafunga baadhi ya safari za Afrika Magharibi. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2015 uliandika hasara ya shilingi bilioni 25.7. Kule Ghuba, ambako wengi hudhani ndiko kwenye usalama, Emirates iliachisha kazi mamia ya marubani mwaka 2020, na miaka miwili baadaye ilikuwa ikizunguka dunia kutafuta wengine.

Hapa ndipo tarehe ya kuajiriwa inapokuwa na uzito kuliko mshahara. Katika mashirika mengi, nafasi ya rubani kwenye orodha ya waajiriwa ndiyo huamua lini atapanda kuwa kapteni, atapata likizo gani, na nani ataondoka kwanza kazi zikipunguzwa. Neema inapofika kileleni, mashirika huajiri kwa pupa, na kijana anaingia mkiani mwa orodha ndefu muda mfupi kabla ya mteremko. Aliyeingia mapema, hata kwa mshahara mdogo na ndege ndogo, ana watu chini yake. Wafugaji wa Isiolo wanaijua hesabu hii ya kinachobaki: baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana kuanzia mwaka 2020, hakuna aliyeuliza jirani yake alikuwa na ng'ombe wangapi kabla ya ukame, waliuliza amebaki na ngamia wangapi.

Kwa hiyo kiti cha Caravan, ndege ndogo inayopeleka abiria na dawa Marsabit, Wajir na Mandera, kisidharauliwe. Mwenye leseni ya kibiashara huanza na saa 200 hivi, na leseni ya juu ya uchukuzi wa abiria inadai 1,500. Anayetua kila siku kwenye viwanja vya vumbi, upepo ukimpiga ubavuni, anajijengea saa na maamuzi ambayo hakuna mwajiri anayeweza kumnyang'anya. Kiti cha rubani msaidizi katika jeti kinavutia zaidi, nakubali, na kwa mwenye deni la masomo mvuto huo si tamaa. Familia nyingi za huku zimeuza mifugo au kuitisha harambee ili kulipa mamilioni ya karo.

Ndiyo maana kifungu cha kusomwa mara tatu ni kile cha dhamana ya mafunzo, ambapo kampuni hugharamia kibali cha aina fulani ya ndege na rubani hujifunga kutumikia miaka kadhaa au kulipa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inampa anayepunguzwa kazi angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Aliyefanya kazi miaka miwili anaondoka na malipo ya mwezi mmoja. Kama mkataba hautamki kwamba deni la mafunzo linafutika kampuni inapomwondoa yenyewe, anaweza kudaiwa mara nyingi ya hicho alicholipwa. Sentensi hiyo moja iombwe kwa maandishi kabla ya kutia saini, na chama cha marubani kiidai kwa niaba ya wale wasio na ubavu wa kuidai peke yao. Wakati wa kuidai ni huu ambapo mashirika yanahitaji watu; mteremko ukianza, hakuna atakayeiandika.