Nani Anashika Hesabu?

Wasafiri wakirudi kutoka Hispania husifu zeituni, samaki na ubaridi wa usiku baada ya mchana wa jua kali. Ni nadra kuwasikia wakiitaja bili. Mimi naona bili ndiyo iliyowastarehesha, kwa kuwa haiji mpaka uiitishe. Mhudumu wa Granada atapita karibu na meza yako na trei mkononi, tena na tena, asikutupie jicho. Mgeni hudhani amepuuzwa. Kumbe huko kumwekea mtu bili asiyoiomba ni kama kumwambia ainuke.

Granada ina desturi ambayo miji mingi ya nchi hiyo haina tena: ukiagiza kinywaji, hata soda, kisahani cha chakula, yaani tapa, kinafuata bure. Hukichagui. Kinywaji cha pili kinaleta kisahani kingine, tofauti na cha kwanza, na kwenye meza za nje za Campo del Príncipe, chini ya kilima cha Alhambra, mtu anaweza kushiba bila kuagiza chakula hata kimoja. Ila asiyekula nguruwe asikae kimya. Mapaja yake yaliyokaushwa kwa chumvi yananing'inia juu ya kaunta za baa nyingi, na vipande vyake huishia kwenye visahani hivyohivyo vya bure. Mtu aseme "sin cerdo", bila nguruwe, wakati wa kuagiza kinywaji. Akichelewa, ni kurudishiana sahani.

Ukitaka kuongeza cha kulipia, chukua biringani. Limekatwa vipande vyembamba, likapakwa unga na kukaangwa mpaka kingo zinavunjika, kisha likamwagiwa shira nyeusi ya miwa. Chumvi inatangulia, utamu unafuata. Miwa ililetwa pwani ya kusini mwa nchi na Waarabu karne nyingi kabla utawala wa Kiislamu wa Granada haujaanguka mwaka 1492. Hizi ngano za chanzo cha tapas, za mfalme aliyefunika glasi yake kwa kipande cha nyama ili inzi wasiingie, ambazo kila kitabu cha watalii kinazirudia, ziache zilivyo. Biringani lenye shira linasimulia historia ya mahali hapo vizuri zaidi.

Saa nazo zinasaidia mtu kukaa. Mwaka 1940 serikali ya dikteta Franco ilisogeza saa za nchi mbele ili zilingane na za Ulaya ya Kati, na hazijarudishwa. Ukijumlisha na saa za kiangazi, mwezi wa Juni jua la Granada linazama baada ya saa tatu na nusu usiku. Watu wanakaa kula saa tatu, bado kweupe, watoto wanacheza mpira katikati ya uwanja na hakuna mzazi anayezungumzia kulala.

Kaskazini, San Sebastián, mambo ni mengine kabisa. Vitafunio vimepangwa juu ya kaunta, vingi vimechomekwa kijiti, na unakula umesimama. Maarufu kuliko vyote ni Gilda, iliyopewa jina la filamu ya 1946 ya Rita Hayworth: zeituni, pilipili ndefu ya kijani ya siki na samaki mdogo wa chumvi, kijiti kimoja, mara moja mdomoni. Kwa utaratibu wa zamani unaviweka vijiti vyako, na mwenye baa anavihesabu mwishoni. Uaminifu ni wako. Halafu kundi linahamia baa ya jirani. Marafiki huchangishana fedha mwanzoni, mmoja akazishika na kulipa kila wanaposimama. Jioni ni ndefu, lakini hakuna baa inayokaliwa sana, na anayetaka kukunja miguu na kupiga soga hatatosheka.

Zahlé, katika bonde la Bekaa nchini Lebanon, wanakula nje pia, kwenye mikahawa iliyojipanga kando ya mto Berdawni. Meze, visahani vyao vya vitafunio, hazifuatani moja moja kama tapas. Zinajaa mezani: hummus, tabule, majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali ndani, biringani lililochomwa na kupondwa. Hapo hesabu ni ya mwenyeji, na vita huanza anapojitokeza mwingine kutaka kulipa. Wajanja hujifanya wanaenda chooni, wakamalizana na mhudumu huko ndani. Mlo ni wa taratibu, sikatai, lakini mgeni anakula akiwa na deni la heshima moyoni, na deni la namna hiyo huzuia mtu kuegemea kiti.

Sasa twende bustani ya Forodhani, Unguja. Pale unalipa papo kwa papo: mshikaki fedha yake, pweza fedha yake, glasi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu fedha yake. Kila mwenye meza ni mfanyabiashara peke yake, hana sababu ya kukuandikia hesabu ya jirani. Kwa kigezo changu cha bili, Forodhani ingekuwa mahali pa kula haraka na kuondoka. Sivyo. Watu wanakaa mpaka usiku, urojo umeshakwisha bakulini, kwa sababu walipokaa hapana uhusiano na walichonunua. Wanakalia ukuta wa bahari, ule uliojengwa upya wakati Shirika la Utamaduni la Aga Khan lilipoikarabati bustani na kuifungua tena mwaka 2009, na muuza pweza hana haki juu yake.

Kule Granada, kiti ni cha baa. Ndiyo maana katika miji mingi ya Hispania orodha ya bei huwa na safu mbili, ya kaunta na ya meza za nje, na ya nje ndiyo ghali. Mhudumu asiyekuletea bili anakupa muda ambao umeshaulipia ndani ya bei ya kinywaji. Sioni ubaya wake, nami hulipa. Lakini kijana asiye na kitu mfukoni anaweza kukaa Forodhani usiku kucha akitazama majahazi, na hakuna atakayemuuliza ameagiza nini.