Wasiwasi wa Habari Isiyofika: Siasa na Utulivu wa Akili Uwemba

Ijumaa ya Machi 12, 2021, Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, Kassim Majaliwa, alizungumza na waumini wa Kiislamu mjini Njombe baada ya sala. Rais John Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani tangu Februari 27, na nchi nzima ilikuwa ikinong'ona. Waziri Mkuu aliwahakikishia wasikilizaji wake kwamba Rais ni mzima na anaendelea na kazi. Siku tano baadaye, usiku wa Machi 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alitokea kwenye televisheni ya taifa kutangaza kifo cha Magufuli. Katika siku hizohizo polisi walitangaza kuwakamata watu waliodaiwa kueneza kwamba Rais anaumwa.

Siku hizo tano zinafaa kuupima ushauri unaotolewa siku hizi kuhusu msongo wa mawazo unaoletwa na habari za siasa. Ushauri wenyewe umezoeleka: zima simu, jiwekee saa moja tu ya habari, toka nje utembee, waachie wanasiasa mambo yao. Sehemu kubwa ya ushauri huo imetoka Marekani na Ulaya, ambako habari humfuata mtu mpaka kitandani. Hoja yangu ni kwamba mahali kama Uwemba, kata ya milimani katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, wasiwasi wa kisiasa hutokana zaidi na upungufu wa habari kuliko wingi wake. Jambo zito limetokea, au linasemekana limetokea. Hakuna wa kulithibitisha, wala hakuna pa kulijadili bila kutazama nyuma. Anayeambiwa ajitenge na habari katika hali hiyo anaambiwa aongeze kile kilichomuumiza.

Wanasaikolojia Gordon Allport na Leo Postman waliandika mwaka 1947 kwamba uvumi hukua kwa mambo mawili yakikutana: uzito wa jambo kwa msikilizaji na utata wa ushahidi. Moja likiwa sifuri, uvumi hauzaliwi. Mwanasosholojia Tamotsu Shibutani aliongeza mwaka 1966 kwamba uvumi ni habari ambayo watu hujitengenezea wenyewe pale mahitaji yao ya kujua yanapozidi kile ambacho vyombo rasmi viko tayari kutoa. Nadhani Shibutani anatufaa zaidi, kwa kuwa hamdharau mvumishaji. Anamwona kama mtu anayejaribu kuelewa dunia yake kwa vipande alivyo navyo. Kenya ililiona hilo Desemba 30, 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja wakati nchi ikiingia kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi. Redio na televisheni zilipobanwa, ujumbe mfupi wa simu uliziba pengo hilo, na mwingi haukuwa wa kutuliza mtu.

Turudi Uwemba. Machi ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Kilabuni, simu moja huwatosha watu wanane. Mwenye nayo hubonyeza ujumbe wa sauti uliokwisha kupita makundi mengi ya WhatsApp, sauti ya mtu asiyejitaja jina, anayeanza na "jamani" na kumalizia na "sambazeni". Vichwa husogea. Akiingia mtu ambaye msimamo wake haujulikani, au anayejulikana kuwa karibu na ofisi ya mtendaji, simu hurudi mfukoni na mazungumzo hugeukia bei ya lumbesa ya viazi. Aliyewahi kukaa kilabu chochote cha Nyanda za Juu Kusini ameyaona haya. Ninachotaka msomaji akitazame ni kile kisichotokea hapo. Ujumbe ule umesikika lakini haujapingwa. Hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza sauti hii ni ya nani, ilirekodiwa lini, na mbona mdogo wangu aliyeko Dodoma hasemi hivyo. Hofu ya kusikika imekata mazungumzo mahali ambapo yangeanza kuchuja, na kila mtu anakwenda kulala na sauti ile kichwani, peke yake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Lengo linalotajwa ni kuzuia taharuki, na serikali yoyote ina haki ya kuihofia taharuki. Lakini mtu anayeogopa kusambaza uongo huogopa pia kuuliza kama ni uongo, maana ili aulize inabidi autamke. Kwa hiyo sheria hupunguza sauti kwa kiasi kikubwa kuliko inavyopunguza wasiwasi.

Mwaka 2025 ulilijaribu jambo hili kwa ukali zaidi. Aprili, kiongozi wa chama cha upinzani cha CHADEMA, Tundu Lissu, alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Usiku wa Aprili 30, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padre Charles Kitima, alishambuliwa Kurasini, Dar es Salaam. Kwa Uwemba, ambako misheni ya Wabenediktini imelea vizazi kadhaa, hiyo haikuwa habari ya mbali. Mei, mtandao wa X ulifungwa. Kisha Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalizuka, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam, na intaneti ikazimwa nchi nzima. Ilianza kurudi Novemba 3. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa baadaye ilizungumzia mamia ya watu waliouawa, na Samia, ambaye sasa ni Rais, akaunda tume ya uchunguzi.

Tuziangalie siku zile za giza la mtandao kwa macho ya mtu aliyeko Uwemba. Binti yake anafanya kazi za ndani Dar es Salaam. Kijana wake yuko kwenye lori la mzigo lililopita Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA. Viazi vyake vya vinyungu, yaani mashamba ya mabondeni, vimeshang'olewa, na hajui kama soko linapokea mzigo. Kwa mtu huyu, maneno "habari za siasa" ni jina la kupotosha. Anachokitafuta ni habari za watoto wake na za gunia lake, na siasa ndiyo iliyozishika. Kama nadharia ya kujitenga na habari ingekuwa kweli kwa jumla, siku zile zingekuwa za mapumziko ya akili kuliko zote katika miaka ya karibuni. Simjui mzazi hata mmoja anayezikumbuka hivyo.

Hapa lazima niikabili hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston mwaka 2013, watafiti Holman, Garfin na Silver waligundua kwamba watu waliofuatilia taarifa za tukio kwa saa sita au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata waliripoti msongo mkali kuliko waliokuwepo kwenye tukio au karibu nalo. Matokeo hayo hayapuuziki, na Novemba 2025 iliyapa sura ya kwetu: mtandao uliporudi, picha na video zilizokuwa zimezuiwa zilimiminika kwa pamoja, zikiambatana na ujumbe wa simu wa polisi ulioonya dhidi ya kusambaza picha za kutia hofu. Akili iliyokaa siku kadhaa na njaa ya kujua ililishwa damu kwa saa chache. Hata hivyo naona tofauti ambayo ushauri wa kawaida huifukia. Kujua na kutazama ni vitu viwili. Kujua kwamba mtaa fulani umetulia na barabara iko wazi humtuliza mtu, hata habari yenyewe ikiwa mbaya. Kuitazama maiti ileile mara kumi hakumwongezei taarifa yoyote. Kwa hiyo ningemshauri mtu wa Uwemba azifute video bila kuzifungua na apige simu kwa ndugu aliyeko mahali hapo. Huko ni kufuatilia habari kwa bidii zaidi, ila kwa njia nyingine.

Kujitenga kuna gharama ya pili. Brett Ford na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu Wamarekani, walionyesha kwamba mbinu za kuzituliza hisia zinazochochewa na siasa za kila siku, kama vile kujiondoa kimawazo au kulitafsiri jambo upya, huwapa watu nafuu, lakini huwapunguzia pia hamu ya kuchukua hatua yoyote ya kisiasa. Marekani wanaweza kulijadili hilo kama fumbo la kitaaluma. Kwetu, mwananchi anayejifunza kutojali ndiye aliyekuwa akifundishwa hivyo tangu mwanzo na mazingira ya woga, na mshauri wa afya ya akili hapaswi kuimalizia kazi hiyo.

Mfano wa karibu zaidi ninaouona wa kumtuliza mtu bila kumfundisha kutojali unatoka Zimbabwe. Mwaka 2005 serikali iliendesha Operesheni Murambatsvina, ikabomoa nyumba na vibanda vya maelfu ya watu mijini. Mwaka uliofuata daktari wa akili Dixon Chibanda alianza Mbare, Harare, mradi wa Friendship Bench, uliowafunza akina mama watu wazima, wengi wao mabibi, kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Mgonjwa hutaja matatizo yake yote, kisha huchagua moja linaloshikika na kulipangia hatua. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi kupungua baada ya miezi sita. Bibi hakuweza kuirudisha nyumba iliyobomolewa na dola. Aliweza kumsaidia mtu kutenganisha dola na kodi ya mwezi huu.

Uwemba kuna mahali ambapo jambo kama hilo lingeweza kushika mizizi: jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, na ambazo hukutana nyumbani kwa wanajumuiya. Kuna pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali iliwazindulia mpango mpya Januari 2024. Hao ndio wanaofanana zaidi na mabibi wa Harare, ambao nao walikuwa wahudumu wa afya wa halmashauri. Lakini mhudumu anayepeleka taarifa zake kwenye serikali ya kijiji ataambiwa kuhusu presha na kukosa usingizi; kuhusu Oktoba hataambiwa kitu. Kabla ya kuandika mtaala wa kumfundisha kusikiliza, Wizara ya Afya inapaswa kuamua daftari lake linasomwa na nani.