Neno «gana»: kundi, kabila au baraza?

Wenye elimu wa Bara Hindi ya kale waliandika kwa lugha iitwayo Sanskriti. Ndani yake limo neno dogo, gana. Maana yake ya kwanza ni kundi, watu au vitu vinavyohesabiwa pamoja. Lakini neno hilo limezaa watoto wengi! Walimu wa sarufi waligawa vitenzi vyao katika gana 10. Watunga mashairi waliita gana silabi tatu zikipimwa pamoja. Katika dini ya Wahindu, gana ni kikosi cha wafuasi wa Shiva, na Ganesha mwenye kichwa cha tembo ndiye bwana wao. Ndiyo maana ya jina lake. Sisi tuliofundishwa Kilatini hatushangai: grex ni kundi la kondoo, na ni kundi la watu vilevile.

Lakini maana moja ilileta mabishano makali. Zamani sana taifa la Wayaudheya lilipiga sarafu zake lenyewe. Pale ambapo wengine huandika jina la mfalme, wao waliandika kwamba ushindi ni wa gana ya Yaudheya. Jirani zao Wamalava nao walijiita gana. Sasa tulifasirije? Mwingereza J. F. Fleet, katika kitabu chake cha mwaka 1888 juu ya maandishi ya wakati wa wafalme wa Gupta, aliandika «kabila». Mhindi K. P. Jayaswal alikataa katakata. Katika Hindu Polity, kitabu cha mwaka 1924, alisema gana ni jamhuri, watu wanaokutana barazani na kujitawala. Tusisahau kwamba siku zile nchi yake ilikuwa chini ya Waingereza. Kabila hupewa mtawala. Jamhuri huuliza kwa nini imepewa.

Sisi twaona Jayaswal aliikaribia kweli zaidi, ila alitia asali nyingi. Kule Vaishali, mji wa Walichavi, baraza lilikuwako kweli wakati wa Buddha. Lakini waliokaa humo walikuwa wakuu wa jamaa za kitawala tu. Watumwa na vibarua waliolima mashamba yao hawakuitwa.

Tarehe 26 Januari 1950 India ikawa jamhuri, kwa Kihindi ganatantra, yaani utawala wa gana. Siku mbili kabla yake ilikuwa imeupokea wimbo wake wa taifa, Jana Gana Mana. Humo gana si kabila wala baraza: ni umati wa watu wote.