Tunawaomba Watakatifu, Tunawaombea Marehemu



Katika Misa ya jubilei yetu tutaimba Litania ya Watakatifu, kisha tutawaombea wanakwaya wenzetu waliotangulia. Majirani wa madhehebu mengine hutuuliza desturi hizi mbili zilitoka wapi. Yafaa tuwe na jibu.

Tuanze na watakatifu. Mnamo mwaka 155 hivi, Askofu Polikarpo wa Smyrna, katika Uturuki ya leo, aliuawa kwa kukataa kumkana Kristo. Waamini wake walikusanya mifupa yake, wakaazimia kukutana hapo kila mwaka. Walieleza wazi kwamba wanayemwabudu ni Kristo. Mashahidi wanawapenda kwa sababu ni wafuasi wake. Jibu letu leo ni lilo hilo. Mashahidi walipozidi kuwa wengi, Kanisa liliwawekea wote siku moja, na kufikia karne ya 9 tarehe 1 Novemba ilikuwa imeenea kuwa Sherehe ya Watakatifu Wote.

Kuwaombea marehemu ni desturi ya kale zaidi. Yuda Makabayo alichangisha fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa vitani, kwa kuwa aliamini ufufuko. Mwaka 387 Mtakatifu Monika, mama wa Kiafrika, alikuwa kufani huko Ostia, karibu na Roma. Aliwaambia wanawe wasihangaike mwili wake utazikwa wapi. Wamkumbuke tu altareni. Sisi ambao ndugu hufikishana kortini kwa sababu ya kaburi, tumsikilize mama huyu.

Karibu mwaka 998, Abati Odilo wa Cluny, Ufaransa, aliwaagiza watawa wake wawaombee marehemu wote kila tarehe 2 Novemba. Mwaka 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikiendelea kuua, Papa Benedikto wa 15 aliruhusu kila padre aadhimishe Misa tatu siku hiyo.

Vita hivyo vilifika hata kwetu. Mwaka huohuo wa 1915 Sista Irene Stefani wa Shirika la Consolata aliwasili Kenya. Aliwauguza wapagazi wa jeshi huko Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wengi wao walizikwa mbali na kwao bila jina kaburini. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi bado unabeba kumbukumbu yao. Sista Irene, ambaye watu walimwita Nyaatha, alifariki Gikondi tarehe 31 Oktoba 1930, mkesha wa Watakatifu Wote. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri. Leo tunamwomba Nyaatha atuombee, na wale wapagazi tunawaombea. Mhudumu na wagonjwa wake bado wamo katika sala moja.

Hapa pana jambo la kutusuta. Kwaya yetu huimba vizuri mazishini, lakini mwezi ukipita, jina la marehemu halitajwi tena. Jubilei hii ituachie daftari moja la wanakwaya waliotangulia, lisomwe kila Novemba kabla hatujaanza mazoezi. Sauti zao ndizo zilizotufundisha nyimbo tunazoimba leo.

Wapumzike kwa amani. Amina.