Fahamu Mfumo wa mGov na Safari ya Ujumbe Mfupi Kutoka Taasisi ya Umma Hadi kwa Mwananchi

mGov ni mfumo unaoziwezesha taasisi za umma nchini kutuma na kupokea ujumbe mfupi wa simu kupitia lango moja. Unasimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliyoanza kazi mwaka 2012 ikiwa Wakala na kupewa hadhi ya Mamlaka kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019.

Pasipo lango la pamoja, taasisi inayotaka kuwafikia wananchi wote hulazimika kuunganisha mifumo yake na kila kampuni ya simu, kwa mikataba na gharama zake pekee. Kupitia mGov, taasisi huunganishwa mara moja, na ujumbe wake hufika kwa wateja wa mitandao mbalimbali. Mwananchi naye hupiga *152*00# na kuchagua huduma anayoihitaji. Huduma hiyo haihitaji intaneti, hivyo hata mwenye simu ya kitochi huipata.

Jambo hilo lina uzito mahususi kwa maeneo kama Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, ambako kaya nyingi hutegemea kahawa na migomba. Tangu msimu wa 2022/2023, mbolea ya ruzuku hutolewa kwa mkulima aliyesajiliwa, na namba ya simu ni sehemu ya taarifa zake. Ujumbe usipofika kwa wakati, mkulima huweza kukosa taarifa wakati msimu wa kuweka mbolea shambani ukipita.

Hatua za kuhamia lango jipya

Kwa sababu hiyo, kuhamisha ujumbe kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya hakupaswi kufanywa kwa siku moja. Kwanza, taasisi huhakiki orodha ya namba na kuondoa zilizojirudia au zisizotumika. Pili, husajili jina la mtumaji litakaloonekana kwenye simu ya mwananchi. Tatu, hujaribu kutuma ujumbe kwa namba chache za kila mtandao na kuthibitisha kwamba umepokelewa. Nne, huacha mifumo yote miwili ifanye kazi sambamba kwa muda, kisha hufunga wa zamani baada ya kuwatangazia wananchi jina au namba mpya.

Tangazo hilo ndilo kinga ya mwananchi. Jina la mtumaji linapobadilika bila taarifa, mpokeaji hushindwa kutofautisha ujumbe halali na wa kitapeli. Huweza kuupuuza ulio wa kweli au kuuamini ulio wa uongo.

Orodha za namba za simu ni taarifa binafsi. Kuzihamisha kunapaswa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Vyama vya ushirika na wafanyabiashara wanaotumia watoa huduma binafsi wa ujumbe mfupi nao wanawajibika kulinda namba za wanachama na wateja wao.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi anayebadilisha namba anashauriwa kutoa taarifa mapema katika ofisi ya kijiji, chama cha msingi au taasisi inayomhudumia. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine, ambaye ndiye atakayepokea ujumbe uliokusudiwa kwa mmiliki wa awali.

Aidha, mwananchi hapaswi kumpa mtu yeyote namba yake ya siri, hata kama ujumbe unaonekana kutoka ofisi ya umma. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda namba 15040, na kila mwenye laini ahakiki kwa kupiga *106# namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.